Nyumba ya Urithi: Namna ya Kuamua Iuzwe, Ipangishwe au Ibaki Mikononi mwa Familia

Mwongozo huu ni wa ndugu walioachiwa nyumba moja na mzazi mmoja, na ambao kila wakikutana kuijadili wanaachana bila salamu. Nimefanya kazi ya uwakili wa mirathi Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kujua kwamba ugomvi wao kwa kawaida hauanzii kwenye nyumba yenyewe, bali kwenye mpangilio wa maswali: linaulizwa la mwisho kabla ya la kwanza.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, Magomeni: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna choo, bafu na jiko. Marehemu, ambaye alikuwa Mwislamu, ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mjane anaishi chumba cha mbele, na vyumba vitano vilivyobaki vina wapangaji.

Hatua ya kwanza: Pateni mtu mwenye mamlaka

Kabla ya msimamizi wa mirathi kuteuliwa na mahakama, hakuna mtoto, mjomba wala kaka mkubwa mwenye uwezo wa kuuza hata bati moja la nyumba hiyo. Chukueni cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, fanyeni kikao cha familia, andikeni muhtasari wenye majina na saini za wote waliohudhuria, kisha mfungue shauri mahakamani. Mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila huweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo.

Katika kikao hicho msimwache mtu. Mtoto wa nje ya ndoa mnayemfahamu aitwe, na dada aliyeko Muscat apigiwe simu na jina lake liandikwe, kwa sababu mrithi aliyefichwa leo ndiye atakayeweka pingamizi siku mnunuzi anapoleta fedha.

Chagueni msimamizi kwa uaminifu wake, si kwa umri wake. Msimamizi si mmiliki. Anashika mali kwa niaba ya warithi wote. Hata hivyo uwezo wake ni mkubwa kuliko familia nyingi zinavyodhani: Mahakama ya Rufani imewahi kuamua kwamba halazimiki kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza mali ya marehemu. Mkiwa na wasiwasi, ombeni wasimamizi wawili, ili pasiwe na saini moja inayotosha.

Hatua ya pili: Someni karatasi za nyumba

Fungueni lile sanduku la marehemu na mtazame mnachomiliki hasa. Inaweza kuwa hati miliki, leseni ya makazi, barua ya toleo, au karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa tu. Kama ni hati, angalieni muda wake, kwani miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na iliyotolewa kwa miaka 33 huenda imekwisha huku mnaijadili. Kisha fanyeni upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati ili mjue kama kuna rehani ya benki au zuio, na mwulizie deni la kodi ya pango la ardhi, ile inayolipwa serikalini kila mwaka.

Jina lililoandikwa ndilo hunipa kazi kubwa zaidi. Mara nyingi hati huwa bado ina jina la babu, ambaye mirathi yake haikufunguliwa kamwe. Ikiwa ndivyo, mna mirathi mbili, na ya babu hutangulia, maana yake baba zenu wadogo na shangazi zenu nao wana fungu katika nyumba mliyoizoea kuiita ya baba.

Hatua ya tatu: Jueni fungu la kila mmoja

Tanzania haina sheria moja ya mirathi. Mwislamu hurithiwa kwa sharia. Kwa Mkristo aliyeishi nje ya mila za kabila lake hutumika sheria ya India ya mwaka 1865, ambayo humpa mjane mwenye watoto theluthi moja na watoto theluthi mbili. Na wengine hufuata kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo humbana sana mjane. Tena, kabla hamjagawa chochote, ulizeni mjane alichangia nini katika kuipata nyumba hiyo. Sehemu iliyotokana na jasho lake si mali ya marehemu, na kuigawa ni kumrithi mtu aliye hai.

Tuseme katika mfano wetu nyumba ilipatikana kabla ya ndoa, na marehemu hakuacha deni wala wosia. Mjane anapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Thumuni saba zinazobaki zinagawiwa watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Kwa hiyo kila binti ana thumuni moja na kila mwana ana thumuni mbili.

Hatua ya nne: Wekeni hesabu mbili kwenye karatasi moja

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, nanyi mpatengee jioni nzima. Mwiteni mthamini aliyesajiliwa, si dalali, kwa kuwa dalali hutaja bei inayomfaa yeye. Tuseme thamani ni shilingi milioni 240. Thumuni moja basi ni milioni 30, kabla ya kodi ya serikali na gharama za uhamisho.

Upande wa pili andikeni kodi ya vyumba. Vyumba vitano kwa shilingi 60,000 kila kimoja ni 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Toeni 600,000 za kuzibua choo, kubadilisha mabati na kulipa pango la ardhi. Zinabaki milioni 3, na thumuni yake ni 375,000 kwa mwaka. Binti anayesubiri kodi imfikishie milioni 30 atasubiri miaka 80.

Hesabu hiyo huwashtua watu, na wengi huamka palepale wakisema tuuze. Mimi huwaomba wakae. Katika maeneo ya aina hii thamani imo kwenye kiwanja, wala kiwanja hakiozi. Na kodi ndogo inayomlisha mama kila mwezi ina uzito ambao mthamini hauandiki. Kila mrithi aandike atakachofanya na milioni 30 zake, kwa maneno, si kwa matumaini. Anayeandika "nitaangalia" hana haraka ya kuuza.

Hatua ya tano: Fungueni daftari la kodi

Anayekusanya kodi alete daftari tangu siku ya msiba. Nimewahi kukaa na familia iliyobishana miaka mitatu juu ya kuuza, kumbe hakuna aliyetaka kuuza. Walichotaka ni kujua kaka yao alipeleka wapi fedha za vyumba viwili vya uani. Daftari lilipoletwa, likiwa na wino wa rangi moja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kila mtu alielewa kwamba liliandikwa lote kwa siku moja. Kumbukeni pia kwamba kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021, hivyo mpangaji anayenunua umeme anailipa badala yenu na ana haki ya kufidiwa.

Hatua ya sita: Chagueni njia

Mrithi mmoja akiwa na uwezo, awanunue wenzake kwa bei ya mthamini. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, mradi malipo yawe na tarehe na uhamisho usifanyike kabla hajamaliza kulipa. Mkiamua kuibakisha, hisa za kila mmoja zisajiliwe na chumba cha mjane kiandikwe kuwa hakiguswi. Mkiuza, kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya mauzo, ilipwe Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya uhamisho, na fedha ziingie katika akaunti ya mirathi, kamwe si ya msimamizi binafsi.

Ubia na mjenzi wa ghorofa, ambao umeenea sana Kariakoo, unataka tahadhari ya pekee. Mjenzi huahidi sakafu mbili au tatu, kisha huomba hati kwa ajili ya mkopo. Msimpe hati bila mkataba unaotaja sakafu zenu kwa namba, mahali mama atakapolala wakati wa ujenzi na nani atamlipia pango, na hati za sehemu ya jengo mtakazopewa chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008.

Hatua ya saba: Fungeni mirathi

Katika Mahakama ya Mwanzo msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa fomu namba 5 ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Hesabu za mgawanyo huenda kwa fomu namba 6. Kila mrithi atie saini mbele ya fungu lake, nakala ibaki kwa kila mmoja, na barua ya mahakama ya kufunga shauri iwekwe katika sanduku lile lile mlilokuta hati.