Jinsi ya kupunguza maswali ya dodoso la sensa bila kupoteza takwimu muhimu

Sensa ikikaribia, kila wizara huja na swali lake, na kila swali lina sababu nzuri. Anayebeba mzigo ni mkuu wa kaya aliyeacha shamba au duka ili amjibu karani. Nikikaa na timu ya dodoso, tunakwenda hivi.

Hatua ya 1: Dai jedwali kabla ya swali. Anayeomba swali alete jedwali tupu lenye vichwa vyake, aseme nani atalitumia na kwa uamuzi gani. Akitaka takwimu za taifa au mkoa tu, mwelekeze kwenye tafiti za sampuli, zinazohoji kaya chache tu. Matumizi ya kaya, kwa mfano, yana utafiti wake. Hayana haja ya kuulizwa nchi nzima.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya muda. Swali la sekunde 20 kwa kila mtu linakula dakika mbili kwenye kaya ya watu sita. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kumuuliza kila mmoja swali hilo ni zaidi ya saa 343,000. Mwonyeshe mwombaji hesabu hiyo. Wengi hulegeza wenyewe.

Hatua ya 3: Amua kama ni la wote au la sampuli. Mwaka 2012 Tanzania ilitumia dodoso fupi la maswali 37 na refu la maswali 62, refu likienda kwenye takriban asilimia 30 ya maeneo ya kuhesabia watu. Mpango huo unapunguza kero, lakini takwimu za kijiji kimoja zinayumba. Kwa hiyo umri, jinsi, elimu na ulemavu mimi huviacha kwa kila mtu. Na usifanye dodoso refu liwe la hiari: Kanada ilijaribu 2011, ikarudisha ulazima 2016.

Hatua ya 4: Pima uzito wa swali, si dakika tu. Mwanamke anaulizwa watoto aliozaa wakiwa hai: wangapi anaishi nao, wangapi wako kwingine, wangapi wamefariki, wa kiume na wa kike mbalimbali. Swali la mwisho linauma, na nimewahi kuombwa tulifute. Nililitetea. Pasipo usajili kamili wa vifo, hapo ndipo tunapokadiria vifo vya watoto hadi wilayani. Kuligawa vipande kunasaidia pia, kwa sababu mtoto anayelelewa kwa bibi yake husahaulika akiulizwa jumla. Ila karani afundishwe kuliuliza taratibu, faraghani, na kumpa mama nafasi ya kunyamaza. Ili libaki, kata mengine: aina ya sakafu iulizwe mara moja, idadi ya redio iondoke.

Hatua ya 5: Jaribu kwenye kaya kubwa. Timu nyingi hujaribu dodoso kwa watu watatu mjini, zikaridhika. Nenda kwenye boma la watu kumi na watano. Kishikwambi kitaruka maswali yasiyohusika, lakini watu hakiwaruki. Andika ni mtu wa ngapi ambapo mkuu wa kaya anaanza kujibu “kama huyo wa kwanza”, na umri unaanza kuishia na 0 au 5, yaani wa kukisia. Maswali yanayofuata hapo yana majibu ya kuchoka. Yasogeze mwanzoni au yafute.

Maliza kukata kabla ya kuchapa mwongozo wa makarani. Baada ya hapo, kila badiliko linagusa programu, mafunzo na wakufunzi wa kila mkoa.