Mnasihi wa Shule: Namna ya Kuifanya Kazi Hii Mahali Pasipo na Mwanasaikolojia

Arnold Gesell alipoajiriwa na jimbo la Connecticut nchini Marekani mwaka 1915, akawa mtu wa kwanza kupewa cheo cha mwanasaikolojia wa shule, kazi yake ilikuwa kuwapima watoto walioshindwa kwenda sambamba na wenzao darasani na kushauri wasaidiwe vipi. Leo chama cha wataalamu hao nchini humo kinapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa kila wanafunzi 500. Katika shule nyingi za sekondari za Tanzania mtaalamu huyo hayupo kabisa, na majukumu yake humwangukia mwalimu mnasihi, yaani mwalimu anayewasikiliza na kuwashauri wanafunzi, ambaye Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002 ulitaka huduma yake iwepo shuleni, lakini ambaye bado ana vipindi vyake vya kufundisha, zamu yake ya wiki na madaftari ya kusahihisha. Mwongozo huu ni wa mwalimu huyo, hasa aliyeteuliwa juzi na hajui aanzie wapi.

Kabla ya kumpokea mwanafunzi wa kwanza

Zungumza na mkuu wa shule na mkubaliane kuhusu mambo matatu: chumba, muda unaojulikana katika ratiba, na kuondolewa katika shughuli za nidhamu. Hilo la tatu ndilo litakaloamua kama kazi yako itakuwa na maana. Kwa kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viboko havipaswi kuzidi vinne. Omba jina lako lisiwemo kamwe katika idhini hiyo. Mwanafunzi aliyekuona asubuhi ukiwa umeshika fimbo getini hatakuja mchana kukueleza kwamba halali usiku kwa sababu ya yanayotendeka nyumbani kwao, na hata akiitwa atakupa majibu anayodhani unayataka. Naamini shule inayomfanya mwalimu wa nidhamu kuwa mnasihi haina mnasihi, hata kama jina lake limebandikwa mlangoni.

Chumba kiwe mahali ambapo mnaonekana lakini hamsikiki: dirisha lisilofunikwa kwa pazia zito, mbali kidogo na ofisi ya walimu. Hii ni kinga ya mwanafunzi na ni kinga yako pia. Pasipo na chumba, viti viwili chini ya mwembe ulio mbele ya madarasa vinatosha.

Mazungumzo ya kwanza na suala la siri

Usimwahidi mwanafunzi kwamba utatunza kila siri, kwa kuwa ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Mweleze mapema, kabla hajaanza kusimulia, kwa maneno mepesi kama haya: “Karibu mwanangu, kaa. Tutakayozungumza yatabaki kati yetu, siyapeleki ofisini wala sitawaambia wenzako. Ila kama uko hatarini, au kuna mwingine aliye hatarini, au kuna mtu anayekuumiza, itanibidi nimwambie anayeweza kusaidia, na nitakujulisha kabla sijafanya hivyo.” Baadaye nyamaza. Mwanafunzi wetu amelelewa asimjibu mkubwa kwa haraka wala kumkazia macho, kwa hiyo ukimya wake na kuinamisha kichwa si dalili ya hatia wala ya ukaidi. Mpe muda, muulize mambo ya kawaida ya safari ya kuja shule au ya chakula cha bweni, naye atasogea mwenyewe kwenye jambo lililomleta.

Kumbukumbu ziandikwe siku hiyohiyo. Tumia namba badala ya jina katika jalada, orodha ya majina iwekwe mahali pengine, na vyote vifungiwe kwenye kabati ambalo ufunguo wake unao wewe. Andika alichosema na ulichokiona, kisha, kwa mstari tofauti, unachokifikiria. “Alilia alipotajwa baba wa kambo” ni jambo uliloliona, lakini “anamchukia baba wa kambo” ni dhana yako.

Mwanafunzi anayeitwa mzito wa kuelewa

Wengi wataletwa kwako na walimu wa madarasa kwa maneno hayo, na hapa ndipo kazi ya mnasihi inapokaribia zaidi ile ya mwanasaikolojia. Usikimbilie hitimisho kuhusu akili. Anza na macho: bandika chati ya herufi ukutani, mwanafunzi asimame mita 6, afunike jicho moja na kusoma, kisha afunike lingine. Fuata masikio: simama nyuma yake kwa umbali wa urefu wa mkono, azibe sikio moja kwa kidole, mnong’oneze namba tatu na umtake azirudie, ukimaliza, rudia kwa sikio la pili kwa namba nyingine. Vipimo hivi havitoi jina la ugonjwa, vinakuonyesha tu nani apelekwe kituo cha afya, na ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto anaweza kukaa dawati la nyuma miaka kadhaa akihesabiwa mvivu kumbe maandishi ya ubaoni hayaoni. Uliza pia ameamka saa ngapi, ametembea kilomita ngapi, na alikula nini tangu jana.

Baada ya hapo chunguza lugha. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili kwa miaka yote, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta hesabu, biolojia na jiografia vinafundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono darasa la saba anakuwa bubu ndani ya muhula mmoja. Njia ya kubaini ni rahisi. Chukua mada ambayo ameifeli, mwombe akueleze kwa Kiswahili jinsi mmea unavyotengeneza chakula chake au jinsi ya kutafuta eneo la pembetatu. Akieleza vizuri, tatizo si uelewa, na anachohitaji ni msaada wa msamiati na mwalimu wa somo aliye tayari kumwacha aulize kwa lugha anayoimudu. Akishindwa kwa lugha zote mbili, rudi nyuma kwenye kusoma na kuhesabu kwa ngazi ya chini zaidi mpaka upate mahali anaposimama imara, na uandike mahali hapo, kwa sababu mtaalamu utakayempelekea atakuuliza hilo kwanza.

Kuhusu majaribio ya akili yanayopatikana kwenye intaneti, ushauri wangu ni kutoyagusa. Mbali na kwamba yanahitaji mtu aliyesomea kuyatumia, mengi yalisanifiwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwahi kuwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kunakili maumbo, na katika utafiti alioutoa mwaka 1979 watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi kwa kalamu na karatasi, wa Zambia walifanya vizuri zaidi kwa kukunja waya, na kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawa. Aliyekua akijitengenezea vigari vya waya anaelewa kwa nini.

Ukatili na hatari ya kujidhuru

Mwanafunzi akikueleza kwamba amebakwa au anafanyiwa ukatili wa kingono, kazi yako si upelelezi. Sikiliza, mwambie kwamba amefanya vyema kusema na kwamba kosa si lake, andika maneno yake kama alivyoyasema, na usimlazimishe arudie. Usimwite mtuhumiwa, usiwakutanishe, na usikubali kikao cha kulimaliza jambo kifamilia, hata kikiitishwa na watu wenye heshima zao. Muda ni muhimu sana: dawa za kinga dhidi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kwa hiyo safari ya hospitali isisubiri vikao vya shule. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuonwa na daktari. Taarifa ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako fomu ya PF3, ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, hutolewa; simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa, kwa hiyo kunyamaza ili kulinda jina la shule si chaguo ulilopewa.

Kuhusu kujidhuru, walimu wengi huogopa kuuliza wakidhani watampandikizia mtoto wazo hilo. Kuuliza hakupandikizi. Uliza wazi: “Umewahi kufikiria kujiua?” Akikubali, uliza kama anajua atafanyaje na kama anacho cha kufanyia, kadiri majibu yalivyo ya wazi, ndivyo hatari ilivyo karibu. Usimwache peke yake, mjulishe mzazi au mlezi uso kwa uso, na mfikisheni hospitali siku hiyo.

Mapepo bwenini

Mnasihi wa shule ya bweni ya wasichana asishangae siku moja akiitwa usiku kwa sababu wanafunzi wanaanguka na kupiga kelele. Kisa kinachojulikana zaidi duniani cha namna hii kilitokea kwetu: Januari 30, 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, mkoani Kagera, kilianza kicheko kisichozuilika ambacho hatimaye kiliwashika wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa Machi 18. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala maambukizi.

Watenganishe kwa utulivu walioanguka na wanaotazama, kwa kuwa hali hii huenea kwa macho na masikio. Mganga wa kituo cha afya awaone ili homa, kifafa au sumu ya chakula isipite bila kugunduliwa. Wazazi wakitaka kiongozi wa dini aje kuomba, usibishane nao, ila asiruhusiwe kumtaja mwanafunzi yeyote kuwa chanzo, maana msichana aliyeitwa mchawi mbele ya bweni zima hawezi tena kuishi humo. Mambo yakitulia, tafuta kilichotangulia: mtihani wa taifa unaokaribia, msiba, njaa, adhabu ya jumla au mwalimu anayeogopwa. Anza kuzungumza na yule aliyeanguka wa kwanza, peke yake, siku chache baadaye.

Ufuatiliaji

Kila unayempa rufaa, panga tarehe ya kuonana naye tena kabla hajatoka chumbani. Hii inamhusu pia msichana anayerejea baada ya kujifungua, jambo ambalo Serikali imeliruhusu tangu Novemba 2021: onana na walimu wa darasa lake kabla hajaripoti, mkubaliane nani atamsaidia masomo aliyoyakosa na nani atawakanya wenzake wakimzomea. Ukihamishwa kituo, majalada yasibaki kwenye droo ya ofisi ya walimu. Mkabidhi mnasihi anayekufuata mbele ya mkuu wa shule, kwa orodha ya namba tu, na mtambulishe ana kwa ana kwa wanafunzi ambao bado unawahudumia.