Kiti cha ndege kabla ya kufika Luano: mambo ya kuhakikisha wewe mwenye kadi

Wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaokwenda Dubai na Guangzhou kila mara wana tabia moja: wakishapata kadi ya daraja la juu la shirika la ndege, ile ya wasafiri wa mara kwa mara, wanaacha kukagua. Kiti walishachagua, kadi iko kwenye pochi, wanafika Luano, uwanja wetu wa ndege, wakiwa na uhakika wa mahali watakapokaa. Kaunta inawapa kiti kingine, na kelele zinaanza. Shirika likikupa kiti mapema, limekiandika kwa ndege fulani, ya siku fulani, ya saa fulani. Kimoja kati ya hivyo kikiguswa, kiti kinaweza kuanguka bila mtu yeyote kukupigia simu. Basi pitia haya kabla hujafunga begi.

Pasipoti iwe na miezi sita mbele yake. Viza, soma tarehe zake vizuri. Kadi ya njano ya chanjo ikae pamoja na pasipoti, isibaki kabatini. Pesa ya Go-Pass, ule ushuru wa uwanja wa ndege, itenge. Hayo unayajua.

Jina sasa, na hapa nitasema kidogo zaidi kwa sababu ni shida yetu Wakongo. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, tukazoea jina na postnom, yaani jina la pili la kiasili. Prénom, yaani majina hayo ya Kikristo, zikarudi baadaye, na leo mtu anatembea na yote matatu. Kompyuta ya shirika la ndege inajua sehemu mbili tu: jina la ukoo na jina la kwanza. Tuseme wewe ni Ilunga Kasongo Pierre. Mtu wa ajansi ya tiketi anaandika Ilunga Kasongo upande mmoja na Pierre upande wa pili, na kwenye tiketi yanatoka yamegandana: ILUNGAKASONGO/PIERRE. Lakini siku ulipojiandikisha kupata kadi, mwenyewe, kwenye simu, uliweka Ilunga peke yake kama ukoo na Kasongo ukamsukumia upande wa Pierre. Mashine inalinganisha, haioni mtu mmoja, inaikataa namba ya kadi. Maili, zile pointi za safari, hazihesabiwi, na ramani ya viti inakuonyesha kama abiria wa kawaida. Fungua akaunti ya kadi leo, weka pasipoti kando, linganisha herufi kwa herufi. Kusahihisha jina kunaweza kuchukua siku kadhaa na wataomba picha ya pasipoti, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Na ukinunua tiketi ajansi, usitaje jina kwa mdomo kwenye simu. Tuma picha ya pasipoti.

Ujue pia kadi yako ina nguvu wapi. Ethiopian Airlines iko Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, tangu 2011, na kadi yake ni ShebaMiles. Kenya Airways iko SkyTeam, muungano mwingine. Zamani ilitumia kadi ya Flying Blue pamoja na Air France na KLM, siku hizi ina Asante Rewards yake yenyewe, na bado wapo watu wanaotoa namba ya zamani bila kujua maili zao zinaingia akaunti gani. Safari moja inapokea namba moja tu, chagua. Na usidhani daraja linabeba kila kitu. Mwenye Gold ya Star Alliance anaahidiwa chumba cha mapumziko, mzigo wa ziada (kilo 20 pale wanapopima kwa kilo), na kutangulia kwenye cheki-in na wakati wa kupanda. Kuchagua kiti bure hakumo katika ahadi hiyo. Kila shirika linaamua lenyewe, na linaweza kuwapa bure watu wa kadi yake huku mgeni mwenye kadi ya shirika rafiki akilipa kama wengine. Halafu kuna bei: tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi haikuruhusu kuchagua chochote kabla ya cheki-in. Uliza kabla ya kulipa, usiulize baadaye ukiwa na hasira.

Kwenye ramani ya viti, kile kilichozibwa si lazima kiwe kimechukuliwa. Mashirika yanaficha safu fulani: nyingine ni za watu wa kadi, nyingine za wenye watoto wachanga, wagonjwa wa viti vya magurudumu, nyingine zinaachwa mikononi mwa watu wa uwanjani. Ndiyo maana ukiingia ukiwa umeandika namba ya kadi unaona ramani tofauti na ile anayoiona jirani yako. Ingia kwa namba yako kwanza, ndipo uangalie.

Safu ya mlango wa dharura ina nafasi ya miguu, lakini anayekaa hapo ni mtu mzima mwenye nguvu, anayeelewa maelekezo ya wahudumu, asiye na mtoto wala mimba. Ukiichagua na huwezi, watakuhamisha mbele ya kila mtu. Safu ya mbele kabisa, ile inayotazama ukuta, ndiyo wanapotundika vitanda vya watoto. Kama hupendi kilio cha usiku, ipite. Meza yake inatoka kwenye mkono wa kiti, kwa hiyo mkono haunyanyuki, na mkoba hauwezi kukaa miguuni wakati wa kuruka. Safu ya mwisho mara nyingi hailali, na iko karibu na choo. Kwenye Boeing 737-800 nyingi kuna safu mbele kidogo ya bawa, upande wa kushoto, mara nyingi 10A au 11A, ambayo ukuta wake hauna dirisha kwa sababu mabomba ya hewa yanapita humo. Watu wanalipia dirisha wanapata plastiki. Ukipata Embraer 190, furahi tu: viti ni viwili viwili, katikati hakuna.

Sasa lile ambalo watu hawalijui mpaka liwapate. Baba yangu mdogo anauza vipuri vya malori, yale yanayokwenda mpakani Kasumbalesa na kurudi. Guangzhou anaijua kama mtaa wetu wa Kamalondo, ana kadi ya dhahabu, na ana goti la kulia lililopasuliwa ambalo halikunji vizuri. Kwa ajili ya goti hilo alilipia 14C, kando ya njia, mguu uweze kutoka nje kidogo usiku. Akapewa karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya pasipoti. Baada ya hapo shirika likachelewesha saa ya ndege ya kutoka Lubumbashi. Saa mbili tu. Lakini hizo saa mbili zilimfanya asiweze kuiwahi ndege ya pili, kwa hiyo mfumo ukamhamishia kwenye nyingine na tiketi ikatolewa upya. Ujumbe wa kumjulisha ulikwenda kwenye barua pepe iliyokuwa kwenye rezervasheni, nayo ilikuwa ya ajansi. Ajansi, tuwape haki yao, walimpigia kumpa saa mpya. Habari ya kiti hakuna aliyeikumbuka.

Kaunta, binti akamwambia:

“Papa, uko 38E.”

“Hapana, mwanangu, mimi ni 14C. Nimelipa. Angalia.”

Akafungua karatasi. Binti akaisoma mpaka chini, akamrudishia kwa mikono miwili.

“Hii ni ya ndege ile nyingine, Papa. Kwenye hii huna kiti ulicholipia. Na namba ya kadi pia siioni.”

38E ilikuwa katikati ya katikati, karibu na choo, na ndege imejaa wafanyabiashara kama yeye. Mhudumu alijaribu kumwombea mtu abadilishane naye. Kila aliyeulizwa alikuwa na sababu. Zaidi ya saa kumi angani goti likiwa limekunjwa. Alipofika, siku za kwanza alizimalizia hotelini mguu ukiwa juu ya mito, na wauzaji wakimpigia simu kuuliza kama bado anakuja.

Ukijua jinsi mambo yanavyoandikwa, hutashangaa. Ndani ya rezervasheni kila ndege ina mstari wake. Kiti kimetundikwa kwenye mstari huo, risiti ya kiti ina namba yake peke yake, na namba ya kadi nayo inaandikwa mstari kwa mstari. Mstari ukifutwa, vyote vilivyotundikwa juu yake vinaanguka, mpaka mtu au mashine ivibebe kuvipeleka kwenye mstari mpya. Mashine inajaribu. Wakati mwingine inakupatia kiti kilekile. Wakati mwingine ndege mpya ni ya aina nyingine, na 14C yake iko mahali pengine kabisa au haipo. Kubadilishwa kwa ndege bila kubadilishwa kwa saa kunaleta shida hiyohiyo, na hapo ujumbe unaweza usije kabisa.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinijibu kwamba ajansi itafanya. Siku ya kununua, simama hapo mezani mpaka waandike barua pepe yako na simu yako wewe kwenye rezervasheni. Chukua ile kodi ya rezervasheni, namba ya siri ya herufi na tarakimu sita, ingia nayo kwenye programu ya shirika, uone safari yako kwa macho yako. Rudi tena kila wiki, na kila mara unaposikia saa imebadilika, hata kwa dakika kumi. Kila ukiingia angalia vitu vitatu: ndege ni ileile, kiti kipo, namba ya kadi ipo, kwa kila ndege ya safari hiyo, kwenda na kurudi. Kimoja kikikosekana piga simu siku hiyohiyo, wakati viti vizuri bado havijaisha. Mwenye daraja la juu huwa na laini yake ya simu, itumie. Risiti ya malipo ya kiti usiitupe: shirika likikuhamisha lenyewe, kwa kawaida linakurudishia pesa, ukibadilisha safari wewe, mara nyingi pesa hiyo imekwenda. Baba mdogo alirudishiwa zake kwa sababu ya ile karatasi.

Jambo linalofanana na hilo: tiketi inaweza kuwa na namba ya shirika moja huku ndege ni ya shirika lingine. Kiti kinatolewa na mwenye ndege. Tafuta maneno yanayosema nani anarusha, kisha omba kodi ya shirika hilo, kwa sababu mara nyingi ni tofauti na ile uliyopewa. Kiti ulichochagua kwa muuzaji kinaweza kuwa hakikuvuka.

Mkisafiri na mama wa nyumbani au watoto, nunueni kwenye rezervasheni moja. Mashirika mengi yanampa mwenye daraja haki ya kuwachagulia viti walio pamoja naye kwenye rezervasheni. Walionunua kando wanahesabiwa wageni, hata mkilala chumba kimoja. Kuna hila ya kuchukua A na C mkiacha B wazi, mkitumaini hakuna atakayeitaka. Kwenye ndege za Guangzhou sahau.

Cheki-in ya kwenye simu mara nyingi inafunguka kati ya saa 24 na 48 kabla, kufuatana na shirika, ikihesabiwa kwa saa ya mahali ndege inapotokea. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa na saa moja nyuma ya Nairobi na Addis Ababa, kwa hiyo ndugu wa Kinshasa akikusaidia mkumbushe. Chaji simu mapema, SNEL, watu wa umeme, haina habari na safari yako. Ingia dakika inapofunguka, maana zile safu zilizofichwa zinaanza kuachiwa. Angalia tena saa chache kabla: wanaopandishwa daraja la biashara wanaacha viti vizuri nyuma yao, na mwenye kuangalia ndiye anayevipata. Kaunta ya Luano itataka kuona pasipoti na viza vyako hata ukiwa na kadi ya kupandia kwenye simu, basi usije dakika za mwisho. Uulize hapo hapo, kwa adabu, kama kuna kiti bora kimebaki. Aliyeko kaunta anaona ramani yote. Usimfokee kabla hajaifungua.

Na ndani ya ndege usihame kiti kwa uamuzi wako kabla ya kuruka, hasa ndege ndogo, kwa sababu uzito umepangwa. Usikubali kubadilishana na mtu kabla ya kuona kiti chake kiko wapi. Usipige picha kadi ya kupandia ukaiweka kwenye WhatsApp ya familia, ile kodi na jina lako vinatosha mtu kuingia na kuharibu safari yote. Picha ya ukurasa wa kiti weka kwenye simu, na nakala ya karatasi pia, simu zinazima. Na ya kurudi, ambayo kila mtu anaisahau akishafika China, ikague ukiwa bado hukohuko, siku kadhaa kabla, ukiwa na mtandao wa hoteli.