Hita ya gari inapuliza baridi ukifika Njombe? Tatizo umetoka nalo Dar

Habari zenu wadau. Kila ikifika mwezi wa sita simu zinaanza, fundi nipo Makambako hita haitoi joto, fundi tumepita Mafinga kioo kimejaa ukungu sioni mbele, na wengi wao ni watu wa hapa Dar wenye Noah, Hiace na Land Cruiser, wanaenda Njombe au Makete msibani, wengine likizo, na siku hizi kuna hawa waliotengeneza Hiace ikawa na kitanda nyuma wanataka wakalale Kitulo, ile hifadhi ya juu milimani Makete. Wote nawaambia kitu kimoja: hita yako haijafia Njombe, imefia hapa hapa Dar, sema kwa joto la huku hamna mtu anayewasha hita kwahiyo hukujua.

Mi kazi yangu ni rejeta na AC, na haya yamenikuta na mimi mwenyewe. Julai moja nilipanda na familia kwenye gari niliyoinunua kwa mtu, sijaikagua upande wa hita kabisa, tumefika juu huko usiku mke wangu kazi yake ikawa kufuta kioo kwa kanga kila dakika mbili na mtoto nyuma anatetemeka. Niliporudi nikafungua boneti nikakuta mipira miwili ya hita imekatwa na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe, maji hayaendi ndani kabisa. Tangu siku hiyo sitoi gari kwa mteja wa Nyanda za Juu bila kupima hivi ninavyowaelekeza.

Elewa kwanza joto linatoka wapi. Hita ya gari nyingi haina waya wa umeme unaopata moto kama hita ya bafuni. Maji yale yale yanayopoza injini yanapita kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hewa katikati yake, we unapata joto. Kwahiyo maji yawe ya moto, yawe ya kutosha, yafike kwenye hiyo rejeta ndogo, na hewa ipite hapo. Basi.

Hatua ya 1: maji, asubuhi injini ikiwa baridi

Fungua mfuniko wa rejeta gari ikiwa haijawashwa tangu jana. Narudia, injini ikiwa BARIDI, nimeona watu wameungua uso na kifua kwa haraka ya dakika mbili. Usiangalie kikopo cha akiba peke yake, kinaweza kuwa kimejaa na rejeta yenyewe ina pengo. Maji yakipungua hita ndo inakufa mwanzo kwasababu kwenye gari nyingi rejeta yake ipo juu, kwahiyo gari linaweza kuwa halijachemsha bado lakini ndani kunapuliza baridi, na hiyo ni dalili ya mapema kwamba maji yanavuja mahali.

Angalia na rangi. Yakiwa kama chai ya rangi ujue ni kutu, mtu kajaza maji ya bomba au ya kisima, na visima vingi vya Dar mnajua wenyewe chumvi yake. Kule juu maji matupu yana hatari mbili. Usiku wa baridi kali Kitulo yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, sasa yakiwa yamebanwa ndani ya rejeta ndo unapata ufa. Ya pili watu hawaijui kabisa: Kitulo ipo kama mita 2,600 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100 ya hapa pwani, kwahiyo mfuniko wa rejeta ukiwa mchovu haushiki presha, unapanda mlima na gari linachemsha mapema. Weka kulanti ya kweli (ile dawa ya rejeta inayozuia kuganda na kutu), nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya betri (maji, sio asidi), na ule mfuniko kama mpira wake umepasuka nunua mpya.

Hatua ya 2: themostati, hapa ndo penye kesi kubwa

Wadau naomba mnisikilize hapa. Gari ikichemsha kwenye foleni ya Ubungo, fundi wa kwanza utakayemkuta atakwambia tutoe themostati, Dar kuna joto haina kazi. Anatoa, gari linatulia wiki mbili, unamlipa, unamsifia. Alichofanya ni kuondoa mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yapate moto. Sasa upo Makambako saa kumi na moja alfajiri, upepo wa baridi unapiga rejeta, maji yanazunguka muda wote, injini haipati joto na geji imelala chini. Hita itoe joto kutoka wapi? Na sio hita tu, injini ikikaa baridi kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi ikidhani ndo umewasha sasa hivi. Alafu kwenye injini kadhaa za Toyota ile themostati ina kizibo cha pili chini kinachofunga njia ya mkato, ukiitoa ile njia inabaki wazi, maji ya moto mengine yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta, yani umeitoa ili lisichemshe na unaweza kuwa umeongeza kuchemsha.

Jinsi ya kujua bila kufungua: washa asubuhi, injini ikiwa baridi shika ule mpira mkubwa wa juu wa rejeta (angalia mkono usiguse feni wala mkanda). Dakika za mwanzo unatakiwa ubaki baridi, baadae ghafla unapata moto. Ukiona unapata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo sambamba na injini, themostati haipo au imekwama wazi.

Ukinunua ipime kabla hujafunga, iwe mpya ya maduka ya spea Gerezani au ya mtumba. Chukua sufuria, maji, funga themostati kwa uzi ining'inie katikati isiguse kitako cha sufuria, weka kipimajoto, washa jiko. Nyingi za Toyota zimeandikwa 82. Utakaa unaangalia hamna kitu, nyuzi 70 kimya, 78 kimya, alafu kwenye 82 hivi utaona kile kisahani kinaanza kuachia kama kope la mtu anayeamka, mpaka 95 kiwe kimefunguka milimita 8 au zaidi. Kikifunguka mapema sana au kisipofunguka rudisha dukani siku hiyo hiyo. Wakati wa kufunga kile kipini kidogo kinachocheza kikae juu, hapo ndo hewa inapotokea.

Na kama gari lilikuwa linachemsha kabla haijatolewa, tafuta kwanini: feni, rejeta iliyoziba, wota pampu, gasketi. Usirudishe themostati ukaacha ugonjwa.

Hatua ya 3: shika mipira miwili

Injini ikiwa imepata moto, weka hita kwenye joto la mwisho, feni namba mbili, alafu nenda kwenye boneti, tafuta mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Gusa haraka haraka, inachoma.

Yote miwili ya moto: maji yanafika vizuri, tatizo lipo ndani, ruka mpaka hatua ya 5. Mmoja wa moto mwingine vuguvugu: rejeta ndogo imeziba. Yote baridi: maji pungufu, hewa imekaa ndani, pampu imechoka, au ile koki ya hita kwenye gari za zamani imefungwa, kebo imekatika. Huwezi kuiona inapoingia, au imepigwa kona ikarudi injini: wamekukatia kama mimi. Mafundi wengine wa AC wanafanya hivyo makusudi ili ubaridi uongezeke, wengine kwasababu rejeta ndogo ilikuwa inavuja na bei yake mteja hakuitaka.

Wenye Noah, Alphard na Hiace za abiria, mkumbuke nyingi zina hita ya pili nyuma. Bomba zake zinapita chini ya gari, zinaliwa na kutu, alafu zinakatwa kimya kimya. Kama unalala nyuma hiyo ndo unayoihitaji zaidi.

Hatua ya 4: kusafisha na kutoa hewa

Vua mipira yote miwili kwenye ukuta, ingiza maji ya bomba kwa upande ule maji yanapotokea, taratibu, mpaka yatoke meupe. Usiweke kompresa presha kubwa, ile rejeta ni bati jepesi ikipasuka unashusha dashibodi nzima. Na usikubali mtu akuwekee asidi ya betri eti inakula kutu, inakula na aluminiamu.

Ukishajaza kulanti paki gari pua ikiwa juu kidogo, mfuniko wazi kabla injini haijapata moto, hita kwenye joto la mwisho, washa na uache silensa, yani injini inguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta. Mapovu yatatoka, we unaongeza, mpaka yaishe, ndo unafunga. Kama mapovu hayaishi hata baada ya nusu saa hiyo sio hewa ya kujaza, ni gesi ya injini inapenya gasketi ya silinda hedi, usisafiri.

Hatua ya 5: ndani

Feni inafanya namba ya mwisho tu, nyingine kimya: rezista, kile kifaa kinachogawa spidi za feni. Haifanyi kabisa: anza na fyuzi, sio mota. Inalia lakini hewa haiji: toa filta nyuma ya droo ya abiria, nimewahi kutoa moja nzito kama tofali la vumbi. Mipira ya moto, feni nzima, bado baridi: kile kimlango kinachochanganya hewa kimekwama au kimota chake kimekufa, na wakati mwingine kuna mtu alikifunga kwa waya.

Zulia la abiria likilowa na kioo kikawa na utelezi wa mafuta mafuta usiofutika, rejeta ndogo inavuja.

Ukungu wa kioo hauhitaji kanga. Weka hewa ya nje sio ya kuzunguka ndani, elekeza kwenye kioo, joto juu, NA washa AC. Ndio, AC na hita pamoja. AC inakausha hewa, hita inaipasha.

Kwa mnaolala ndani ya gari

Usilale injini ikinguruma na vioo vimefungwa. Na jiko la mkaa lisiingie kwenye gari, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata dakika kumi za kupasha blanketi. Ile kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inakulegeza usingizi unakuwa mtamu na hauamki. Watu wetu wanakufa hivi vyumbani kila mara, na gari ni dogo kuliko chumba. Blanketi mbili na chupa ya maji ya moto miguuni vinatosha.

Wachache wenye hita ya dizeli, zile gari za kulala kutoka Ulaya: sikiliza pampu yake, inafanya tik tik tik. Haigongi, angalia umeme, betri ikiwa dhaifu inagoma yenyewe. Inagonga na inatoa moshi mweupe bila kuwaka, dizeli inafika ila plagi ya kuwashia imechoka. Moshi mweusi ukishafika juu, hewa ya mita 2,000 ni nyepesi karibu moja ya tano kuliko ya Dar, mafuta yamezidi, itajaa masizi. Zenye sehemu ya kuweka kimo iweke.

Mwisho, jaribu kabla hujaondoka. Toka alfajiri mpaka Kibaha, hita juu, chomeka kipimajoto cha jikoni kwenye tundu la hewa la katikati. Ikivuka nyuzi 50 nenda. Ikiwa 35, rudi anza hatua ya 1, na dumu la lita tano la kulanti liwe kwenye buti.