Jinsi ya kuingiza na kusasisha orodha ya wanaojitolea kwenye CiviCRM bila kuzalisha majina yanayojirudia

CiviCRM ni programu huria ambayo mashirika hutunzia taarifa za watu wao. Kabla ya kugusa chochote, mwandikie msimamizi wa mfumo umwombe ruhusa tatu: kuingiza watu kwa wingi, kuunganisha rekodi zinazojirudia, na kurekebisha kanuni za kutambua marudio. Hii ya tatu ndiyo husahaulika, na bila hiyo kazi hukwama katikati. Ongeza na ruhusa ya kufuta rekodi, kwani bila hiyo kuunganisha hakufanyi kazi. Mwombe pia anakili hifadhidata nzima siku hiyohiyo, kabla hujaanza.

Kanuni inayokuja na CiviCRM kwa ajili ya kuingiza watu hulinganisha barua pepe peke yake. Wengi wanaojitolea mitaani na vijijini hutoa namba ya simu tu, hivyo kila orodha mpya ikipandishwa mfumo huwaona kuwa wageni. Mtu mmoja huishia na rekodi tatu. Atapokea meseji tatu, na shirika litazilipia zote. Lililo baya zaidi ni pale anapoomba asitumiwe tena: alama ya kutotumiwa huwekwa kwenye rekodi moja, zile mbili zinaendelea kumsumbua. Mtu aliyejitolea bure hastahili hilo.

Anza na namba za simu, na usiharakishe hapa. Excel hula sifuri ya mwanzo, kwa hiyo 0712345678 hubaki 712345678. Namba yenye tarakimu 12, kama 255712345678, huonekana 2.55712E+11, na ukihifadhi faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) katika hali hiyo, tarakimu zinapotea kabisa. Hakuna namna ya kuzirudisha isipokuwa kurudi kwenye daftari la mahudhurio. Ondoa kwanza nafasi na vistari vyote, kisha, namba zikiwa safu A, kwenye safu mpya ya B andika ="+255"&RIGHT(A2,9); kwa Kenya weka +254. Safu inayofuata andika =LEN(B2). Jibu lisilokuwa 13 ni namba mbovu, itafute kabla hujaendelea. Hifadhi kama CSV ya UTF-8, na ukishahifadhi usilifungue tena faili hilo kwa kulibofya mara mbili, kwani Excel itang'oa ile alama ya kujumlisha. Ukilazimika kulitazama, tumia LibreOffice Calc na uchague safu ya simu isomwe kama maandishi.

Namba zilizomo tayari ndani ya mfumo nazo lazima ziwe na umbo hilohilo. CiviCRM huondoa alama na nafasi inapolinganisha, lakini haijui kwamba 0712 na 255712 ni mtu mmoja. Pakua orodha ya watu wote pamoja na namba ambayo mfumo umempa kila mmoja (Contact ID), rekebisha simu, kisha uwarudishe ukioanisha kwa namba hiyo ya ndani. Angalia aina ya mahali: simu iliyokuwa chini ya «Home» ukiirudisha chini ya «Main», ya zamani haibadilishwi, inaongezwa ya pili.

Sasa kanuni. Tengeneza mpya yenye simu kwa uzito wa 6, jina la kwanza kwa uzito wa 4, na kizingiti cha 10, yaani jumla ya alama inayotakiwa ili rekodi mbili zihesabiwe kuwa mtu mmoja. Simu peke yake haifiki kizingiti, na ni sahihi isifike, maana mume na mke au mama na binti mara nyingi hutumia simu moja. Majina yanayoandikwa kwa namna nyingi, Mohamed na Muhammad kwa mfano, yatapita bila kukamatwa. Kwa hiyo mpe kila mtu namba ya uanachama kwenye sehemu ya kitambulisho cha nje (External Identifier). Ianze na herufi, mfano TMK-0147, ili Excel isile sifuri.

Pandisha kwanza mistari 10 tu. Kwenye ukurasa wa kuingiza, chagua kanuni yako mpya badala ya ile ya kawaida. «Skip» humruka aliyepo, «Fill» hujaza palipo wazi tu, «Update» huandika juu ya kilichopo. Orodha ikitoka kwa mtu usiyejua aliikusanya lini, tumia «Fill». Kila unapopandisha, waweke watu hao kwenye kikundi kipya chenye tarehe, ili kosa likitokea ujue nani waliguswa. Mistari iliyokataliwa hutolewa kwenye faili lake. Pakua, rekebisha, pandisha hiyo pekee.

Marudio ya zamani yaunganishe baada ya hapo. Mfumo unaweza kuunganisha kwa mkupuo jozi zisizo na mgongano. Zinazogongana zitazame moja moja. Alama ya kutopigiwa au kutotumiwa meseji ikiwepo upande wowote, hakikisha inabaki kwenye rekodi inayosalia. Rekodi inayoondolewa huenda kwenye kapu la taka, kwa hiyo ukikosea bado inaonekana. Wanaotumia simu moja lakini ni watu tofauti, watie alama kuwa si marudio, wasiletwe tena.

Vikundi ni vya wale utakaowaandikia, kwa sababu mtu hujiondoa kwenye kikundi. Lebo ni za sifa: anajua huduma ya kwanza, ana pikipiki, anapatikana Jumamosi. Ukitumia lebo kama orodha ya kutumia ujumbe, unamnyima mtu njia ya kutoka.

Ongeza pia sehemu mbili za tarehe: siku mtu aliporidhia kuwekwa kwenye orodha, na siku taarifa zake zilipohakikiwa mara ya mwisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na zote zinampa mhusika haki juu ya taarifa zake. Kwa kutumia tarehe ya uhakiki, tengeneza kikundi kinachojisasisha (Smart Group) cha wote ambao uhakiki wao umepita miezi 12, na uwagawie waratibu wa kata wawapigie.