Pikipiki ya zamani inawaka kwa choki tu, ukiirudisha choki inazima: fanya hivi mwenyewe nyumbani

Nimemsaidia shemeji yangu kuifufua Honda CG125 iliyokuwa imekaa bila kutumika muda mrefu, na maswali aliyokuwa ananiuliza ndo yale yale naulizwa kila mara na watu wenye pikipiki za zamani, kwa hiyo naandika yote hapa kwa mpangilio. Inafaa kwa pikipiki yoyote ya stroki nne yenye kabureta moja (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), iwe Honda, Yamaha au Suzuki. Kama yako ni ya injeksheni, yaani haina kabureta, hii haikuhusu.

Kitu kimoja nataka kikae kichwani kabla hujashika spana: pikipiki iliyolala muda mrefu mara nyingi injini yake ni nzima kabisa. Kilichoziba ni kitundu kidogo ndani ya kabureta ambacho hata sindano ya kushonea haipiti. Watu wanafungua hedi, wananunua ringi, wanabadilisha CDI (kisanduku kinachoendesha moto wa plagi), na tatizo lilikuwa kwenye kijeti kidogo cha shaba. Naumia sana nikiona injini nzuri imefumuliwa bila sababu.

Vifaa

Spana na soketi za kawaida unazo. Ninachosisitiza ni bisibisi za JIS. Skrubu za pikipiki za Japani za zamani zinaonekana ni za msalaba wa kawaida, yaani Phillips, lakini sio, umbo la ndani linatofautiana kidogo, na ukiweka bisibisi ya Phillips haikai mpaka chini, inapanda inakula kichwa, alafu hapo ndo watu wanaanza kutumia patasi na nyundo. Skrubu nyingi za JIS zina kitone kidogo kichwani, kitafute. Seti moja ya JIS itakuokolea skrubu zote za kabureta na za kava za injini, ni kifaa cha kwanza ningenunua kabla hata ya soketi nzuri.

Vingine: kopo la dawa ya kusafishia kabureta yenye mrija mwembamba, miwani ya kukinga macho (nitaeleza kwa nini), fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kipande cha waya wa umeme wenye nyuzi nyembamba za kopa, mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, plagi mpya, na sahani ya kuwekea vitu vidogo. Fanyia kazi nje au sehemu yenye hewa nyingi, hakuna sigara, hakuna jiko karibu. Mvuke wa petroli unatambaa chini na unafika mbali.

Hatua ya 1: angalia moto wa plagi

Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye hedi mbali na tundu la plagi, washa swichi, piga kiki. Cheche ikiwa ya bluu na inasikika ikilia, moto upo. Ikiwa ya njano na dhaifu au hakuna kabisa, anza na vitu rahisi: swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani (igeuze mara nyingi, kutu ya ndani inakatika), kofia ya plagi (ifungue kwenye waya kwa kuizungusha, kata waya kama milimita 5 upate kopa safi, irudishe). Kama pikipiki yako ni ya zamani sana na inatumia pointi (vidude vya chuma vinavyogusana na kuachana kutoa moto) badala ya CDI, zisugue kwa msasa laini, zifute mpaka ziwe kavu, weka nafasi ya milimita 0.3 mpaka 0.4.

Weka plagi mpya hata kama ya zamani inaonekana nzuri. CG125 inatumia NGK D8EA, nafasi milimita 0.6 mpaka 0.7.

Hatua ya 2: kompresheni

Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwingine apige kiki huku ameshikilia akseleta wazi. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, endelea. Kama unaweza kukizuia kirahisi, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu ujaribu tena: nguvu ikiongezeka ringi zimechoka, isipoongezeka angalia valvu, anza na nafasi zake maana valvu iliyobana haifungi vizuri.

Hatua ya 3: tangi na koki

Petroli iliyokaa inanuka kama vanishi, rangi yake inakuwa ya chai. Imwage yote, usiichanganye na mpya ukidhani itajisafisha. Toa koki (bomba la kufungia mafuta chini ya tangi), angalia chujio lake la ndani. Kama kuna kutu tangini, loweka kwa siki nyeupe usiku mzima au zaidi, suuza kwa maji yenye bekingi soda, kausha HARAKA, alafu zungusha oili kidogo humo ndani kwa sababu chuma kitupu kinashika kutu upya siku hiyo hiyo. Usirudishe tangi lenye kutu kwenye kabureta uliyoisafisha, utafanya kazi mara mbili.

Angalia pia tundu la hewa la mfuniko wa tangi. Likiziba pikipiki inawaka vizuri, inatembea kidogo, inazima, unaisubiri inawaka tena. Ukifungua mfuniko ukasikia hewa inaingia kwa mluzi na baada ya hapo ikawaka, tatizo ndo hilo.

Hatua ya 4: kabureta (hapa usikimbie)

Dalili kwanza. Pikipiki ikiwaka na choki tu na ukiirudisha inazima, au haikai kwenye sailensi (kunguruma taratibu bila kuvuta akseleta) lakini ukivuta akseleta inakwenda, hiyo ni njia ya sailensi imeziba. Kabureta ina njia mbili kuu za mafuta. Jeti ndogo inalisha injini ikiwa sailensi na akseleta ikiwa imefunguliwa kidogo sana, jeti kubwa inalisha ukifungua sana, na katikati inatawala sindano. Tundu la jeti ndogo kwenye pikipiki za 125 ni chini ya nusu milimita, kwa hiyo petroli ikikauka ndani ya bakuli (kikombe cha chini cha kabureta kinachotunza mafuta), tundu hilo ndo la kwanza kuziba. Choki inaongeza mafuta kwenye mchanganyiko na kuficha tatizo, ndo maana inawaka ikiwa imevutwa.

Toa kabureta nzima. Najua wapo wanaofungua bakuli tu ikiwa kwenye pikipiki wanapuliza na kufunga, mimi siafiki, utasafisha unachokiona na kilichoziba kiko ndani zaidi. Piga picha kila unapofungua.

Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko (ile ndogo ya pembeni, SIO ile ya kupandisha sailensi), ifunge taratibu mpaka iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, andika namba. Iguse tu, usikaze, ncha yake inapinda na kiti chake kinapasuka na hapo kabureta imekwisha. Ndo uifungue yote. Sasa sikiliza vizuri kwa sababu hapa ndo penye kupoteza masaa: kwenye kabureta nyingi skrubu hii ina springi, washa ndogo sana na oringi ndogo sana, kwa mpangilio huo kuanzia kichwani kwenda kwenye ncha. Ukiitoa, mara nyingi springi inakuja nayo, washa na oringi zinabaki zimekwama ndani ya tundu. Usipojua zipo utapulizia dawa, utaiharibu oringi au zitaruka zipotee, utafunga, na pikipiki itawaka lakini sailensi itakuwa inapanda na kushuka haishikiki, utarekebisha mpaka giza liingie bila kupata kitu, maana hewa inapenya pembeni ya skrubu. Ya shemeji ilikuwa hivyo hivyo, aliyeifungua mara ya mwisho hakuirudisha oringi, na tulizunguka kila mahali kabla ya kuliona tundu liko tupu. Mulika kwa tochi, zivute kwa waya uliokunjwa ncha. Zikiwa zimekakamaa badilisha.

Fungua bakuli, chomoa pini ya boya, toa boya na nido yake (kisindano kinachofunga mafuta boya likipanda). Tikisa boya, ukisikia mafuta ndani limetoboka. Angalia ncha ya nido, ikiwa na mstari uliochimbika kuzunguka haifungi tena, kabureta itakuwa inamwaga mafuta.

Toa jeti kubwa, toa mrija ulio juu yake wenye vitundu pembeni (vitundu hivyo vyote viwe wazi), toa jeti ndogo. Jeti ndogo wakati mwingine imejificha chini ya kizibo cha mpira, na kabureta nyingine imepigwa ndani moja kwa moja haitoki, usiilazimishe, isafishe ikiwa hapo hapo. Tumia bisibisi bapa inayoenea kwenye mfereji wake, shaba ni laini.

Shika jeti uielekeze kwenye mwanga. Unatakiwa kuona tundu la duara, kali pembeni. Kuona mwanga peke yake haitoshi, mwanga unapita hata tundu likiwa limebaki nusu. Loweka kwenye dawa, alafu pitisha uzi mmoja wa kopa kutoka kwenye ule waya wa umeme. Usitumie waya wa chuma, wala sindano, wala kitu chochote kigumu kuliko shaba, ukilipanua tundu hata kidogo umebadilisha saizi ya jeti na pikipiki itakula mafuta na kutoa moshi mweusi, na hutajua kwa nini.

Jeti ikishakuwa safi bado njia zenyewe ndani ya mwili wa kabureta. Toa mipira yote kwanza, kama kuna diaframu itoe pia kwa sababu dawa inaifanya ivimbe na haitarudi. Vaa miwani. Ingiza mrija wa dawa kwenye tundu ilipokuwa jeti ndogo, pulizia, na angalia inatokea wapi: itokee kwenye vitundu vidogo ndani ya koo la kabureta upande wa injini, itokee kwenye tundu la skrubu ya mchanganyiko, na itokee kwenye njia ya hewa iliyo mdomoni upande wa filta. Ziba mbili kwa vidole uone ya tatu inatoa kwa nguvu, badilishana. Dawa itarudi ghafla kutoka mahali usipotegemea na itakwenda moja kwa moja usoni, miwani ni ya hapo. Kama kuna njia moja haitoi, usifunge, irudie, iache ilowe, puliza hewa, rudia tena. Kabureta ambayo njia zote hazijatoa haijasafishwa, hata kama nje inang'aa.

Usipake silikoni kwenye gasketi ya bakuli. Inavimba na kulainika kwa petroli, inakatika vipande, vipande vinaingia kwenye ile ile jeti uliyoisafisha. Gasketi ikiwa mbovu nunua nyingine. Na usikimbilie kununua kabureta nzima ya kuiga, Keihin au Mikuni ya zamani iliyosafishwa vizuri naiamini zaidi kuliko mpya ambayo jeti zake hazilingani na injini yako.

Hatua ya 5: rudisha, rekebisha

Slaidi ya akseleta (kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta akseleta) ina upande uliokatwa chini, upande huo unaangalia filta ya hewa. Mfereji wake uingie kwenye pini, usisukume kwa nguvu. Skrubu ya mchanganyiko irudishe kwenye namba uliyoandika, kama huna namba anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho.

Kabla hujawasha pima kimo cha mafuta: chomeka ule mrija wa plastiki kwenye kitokeo cha chini ya bakuli, uinue pembeni, fungua koki na ile skrubu ya kumwagia. Mafuta kwenye mrija yasimame milimita chache chini ya mstari wa gasketi. Yakipanda juu ya hapo, kimo cha boya hakijakaa sawa au nido haifungi.

Washa, iache ipate joto kabisa, ndo urekebishe. Pandisha sailensi kidogo, zungusha skrubu ya mchanganyiko robo robo utafute pale injini inapozunguka haraka na laini zaidi, alafu shusha sailensi. Skrubu ikiwa upande wa filta inapitisha hewa, ukiifunga mafuta yanazidi. Ikiwa upande wa injini inapitisha mafuta, ukiifunga yanapungua. Angalia iko wapi kabla ya kufuata ushauri wa mtu.

Sailensi ikipanda yenyewe au inachelewa kushuka, pulizia dawa kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini, injini ikiwa inanguruma na eksozi haijapata moto sana. Mlio ukibadilika mpira umepasuka.

Hatua ya 6: vilivyobaki

Badilisha oili, tumia yenye alama ya JASO MA, oili nyingi za magari zina viungo vinavyofanya klachi iteleze. Nafasi ya valvu pima injini ikiwa baridi, alama ya T kwenye flaiwili imelingana na alama ya kava, pistoni iko juu na valvu zote mbili zimelegea, vipimo fuata kitabu cha pikipiki yako. Valvu inayolia kidogo ni salama kuliko iliyobana kimya. Cheni, breki na matairi unajua. Betri ya volti 12 ikiwa imejaa isome 12.6 au zaidi injini ikiwa imezimwa, na ukivuta akseleta ipande kati ya 13.5 na 14.5, isipopanda fuatilia rektifaya (kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri) na waya zake.

Tembea kama nusu saa, simama, toa plagi uiangalie. Kahawia ya kufifia ni sawa. Nyeusi kavu kama masizi, mafuta yamezidi au filta ya hewa imeziba. Nyeupe kabisa, mafuta ni machache, usiendelee kuiendesha kwa kasi mpaka ujue sababu. Yenye oili mbichi, rudi hatua ya 2.

Na kama unajua hutaitumia kwa mwezi mzima au zaidi, funga koki, iache inguruma mpaka izime yenyewe, alafu fungua ile skrubu ya chini ya bakuli umwage yaliyobaki kwenye chupa.