Kupanga Mikate na Vitafunwa Dukani Vivutie kwa Gharama Ndogo

Mwenye duka dogo la mikate huko Temeke au Magomeni, jijini Dar es Salaam, hana haja ya kuiga maduka makubwa ya katikati ya jiji, yenye kaunta za marumaru na friji za vioo vilivyopinda. Mteja anayesimama mbele ya kabati lake anataka kuona kwamba mkate umeokwa leo, umehifadhiwa mahali safi, na bei yake anaimudu. Kila shilingi ya mapambo ipimwe kwa hayo, na kisichosaidia kuyaonyesha kiachwe, hata kama kinapendeza.

Tuanze na kabati, kwa kuwa ndilo linalomeza fedha nyingi. Kabati jipya la aluminiamu na vioo ni ghali, lakini yapo yaliyokwisha kutumika, na fundi seremala wa Keko au wa mtaa wowote anaweza kukutengenezea la mbao lenye kioo mbele na ubavuni, huku upande wa muuzaji ukifungwa kwa milango ya plaiwudi ambayo mteja haioni. Mwambie fundi aache matundu ya hewa karibu na paa la kabati na kuyaziba kwa wavu wa mbu, ili mvuke utoke na nzi na nyuki wasiingie. Miguu ya kabati isimame ndani ya vikopo vya maji ili sisimizi wasipande, na maji hayo yabadilishwe kila baada ya siku mbili tatu mbu wasije wakazaliana humo.

Katika hali ya hewa ya pwani, kioo hakitapendeza iwapo mkate utaingizwa kabatini ukiwa bado wa moto. Mvuke wake hugeuka matone kwenye kioo, ganda la mkate hulegea, na kuvu hupata makao. Mkate wa boflo uachwe upoe juu ya wavu kwa saa moja hadi mbili kabla ya kupangwa. Maandazi na skonzi hupoa mapema zaidi. Wapo pia wanaokopa fedha ili wanunue friji ya vioo kwa ajili ya mikate, na hapo ninasisitiza kwamba fedha hizo zinapotea bure. Wanga ulio ndani ya mkate hukakamaa haraka zaidi katika ubaridi wa friji, yaani karibu nyuzi 0 hadi 5 za Selsiasi, kuliko katika joto la kawaida la chumba, hivyo mkate wa frijini huchakaa kabla ya ule wa kabatini. Friji inahitajika kwa keki za krimu na vyakula vyenye maziwa. Asiye nayo avitengeneze hivyo kwa oda tu, na maonyesho yake yabaki ya vitu vikavu.

Fedha utakayookoa kwenye friji, weka sehemu yake kwenye taa. Taa nyeupe inayoelekea ubuluu hufanya mkate uliookwa vizuri uonekane wa kijivu, lakini taa ya manjano hafifu huitoa vizuri rangi ya dhahabu ya ganda. Soma boksi kabla ya kulipa: tafuta taa ya LED iliyoandikwa kati ya 2700K na 3000K (K, yaani kelvini, ni kipimo cha rangi ya mwanga). Taa za aina hii hazitoi joto kubwa, kwa hiyo haziyeyushi sukari wala siagi, na hazili umeme mwingi. Ifungwe kwenye ukingo wa juu wa mbele, kwa ndani, nyuma ya kipande cha ubao, ili mwanga uangukie mikate bila kumpiga mteja machoni. Jua la moja kwa moja, kwa upande mwingine, lizuiwe kwa turubai au pazia.

Jambo lenye faida kubwa kuliko yote katika upangaji halina gharama. Maandazi kumi yaliyotawanyika kwenye sinia pana yanaonekana kama masalia, na mteja huyapita akidhani ni ya jana. Maandazi hayohayo yakirundikwa kwenye ungo mdogo yanaonekana tele na kumwita anunue. Kwa hiyo kuwa na vyombo vya ukubwa tofauti, na kadiri bidhaa zinavyopungua hamishia zilizobaki kwenye chombo kidogo zaidi, ukizisogeza mbele. Kazi hii hufanywa mara kadhaa kwa siku, hasa baada ya wateja wa chai ya asubuhi kuondoka na kabla ya watu kurudi kutoka kazini jioni, na inafaa akabidhiwe mtu mmoja anayeijali.

Bidhaa zisilale zote kwenye usawa mmoja. Geuza makreti ya mbao au maboksi magumu, yafunike kwa kitambaa, kisha upange ngazi mbili au tatu, ndefu nyuma na fupi mbele. Bidhaa unayotaka iuzwe kwanza iwe kati ya sentimita 120 na 150 kutoka sakafuni, ambapo macho ya watu wazima wengi huifikia bila kuinama. Keki au mkate wa sinia ukatwe kipande kimoja ili sehemu ya ndani ionekane, na sehemu iliyokatwa ifunikwe kwa nailoni ya chakula isikauke.

Rangi nayo ina kazi. Vileja vilivyopauka vinahitaji chombo cheusi au cha mti mkolevu chini yake. Visheti na maandazi ya kahawia hung'aa juu ya jani la mgomba lililooshwa, likapitishwa juu ya moto kidogo lilainike, kisha likafutwa. Khanga ni pambo zuri na rahisi kupatikana, lakini michoro yake hushindana na chakula. Ikunje ili pindo lake lining'inie mbele ya meza, na juu utandike kitambaa cheupe kisicho na maua. Chakula chenyewe kikae juu ya karatasi ya kuokea wala kisigusane na kitambaa.

Bei ziandikwe kwa kalamu nyeusi kwenye vipande vya manila, kwa herufi zinazosomeka kutoka hatua mbili, kwani wapo wateja wengi wanaoona haya kuuliza. Muuzaji atumie koleo, nalo likae mahali linapoonekana. Kwa kuwa Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa karatasi ya kaki umekuwa sehemu ya maonyesho: chongesha muhuri wa mpira wenye jina la duka, ugonge mifuko mwenyewe, na jina lako litafika kila nyumba kwa gharama ya wino.

Mikate ya jana isichanganywe kamwe na ya leo. Itengewe kikapu chake pembeni, iandikwe waziwazi kuwa ni ya jana, na bei ishushwe. Isiponunuliwa siku hiyo, iondolewe. Jioni, kabati likiwa tupu, lifutwe kwa maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, vioo vikaushwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na milango iachwe wazi mpaka unyevu wote ukauke ndipo ifungwe.